Mtetea aliyekonda na wa mwisho kwa cheo: umtenge, umlishe pembeni, au umfungie mbabe wake?

Nafuga kuku kumi hapa Gungu, Kigoma, jogoo mmoja na mitetea tisa, na ni mmoja tu kati yao aliyenifanya ninunue mizani. Ni mwekundu, mdogo wa umbo, wa mwisho kwa cheo. Wenzake wakila, yeye husimama kando na mguu mmoja juu kama abiria aliyekata tamaa ya gari. Kwa macho sikuona kama amekonda, maana manyoya ya kuku ni kanzu pana, yanaficha mengi. Siku nilipomshika ndipo kidole kikapita juu ya mfupa wa kidari kama kinapita kwenye mgongo wa kisu. Gramu 1,050. Dada zake walioanguliwa naye walikuwa kati ya 1,400 na 1,550.

Nilipouliza mtaani nikapewa njia nne, kila mtu akiiapia yake. Mtenge banda lake peke yake. Mwache na wenzake ila umlishe pembeni. Ongeza vyombo vya chakula. Mfungie anayemwonea. Nimezijaribu zote, na moja wapo niliikosea vibaya, kwa hiyo naziweka hapa uzipime kabla hujarudia kosa langu.

Hafikii chakula, au chakula hakimkai?

Mtetea wa mwisho hukonda kwa njia mbili ambazo ukiwa mbali zinafanana. Ama hafikii chakula, ama anakifikia lakini hakimkai mwilini. Ya kwanza ni ubabe, ya pili ni ugonjwa, na mara nyingi ya pili ndiyo inayozaa ya kwanza: kuku akianza kudhoofika, wenzake hugundua kabla yako na kumshusha ngazi.

Kipimo chake hakina gharama. Usiku wakishapanda kulala, mpapase gole, ule mfuko ulio chini ya shingo upande wake wa kulia. Kuku aliyeshiba huingia kulala gole limejaa kama limao kubwa, na asubuhi kabla hajala linakuwa tupu. Ukilikuta tupu usiku, hafikii chakula. Limejaa kila usiku na bado anakonda, basi tafuta minyoo, wadudu wa mwilini, uzee au maradhi mengine. Likiwa limejaa hadi asubuhi, gumu au laini kama puto la maji, na mdomo unanuka uchachu, hapo gole limeziba, na hakuna hata moja kati ya njia nne itakayosaidia hadi hilo lishughulikiwe kwanza.

Kipimo cha pili: mweke peke yake na chakula kwa dakika kumi. Wangu alikula kama ameitwa harusini. Angedonoa mara mbili na kusimama amejikunyata, ningemwita mtaalamu wa mifugo badala ya kuanza kupanga mapishi.

Wako pia waliokonda kwa haki yao. Aliyetoka kuatamia siku 21 lazima arudi mwepesi, alikuwa akishuka kula mara moja tu kwa siku. Anayepukutisha manyoya naye hupungua, kwa kuwa manyoya mapya karibu yote ni protini na mwili unaitoa kokote inakopatikana. Na kama una kuchi, usimlinganishe kwa macho na kuku wa kawaida. Yule ni mrefu na mkavu kwa asili, mwamini kidole na mizani.

Mizani yenyewe, ya kuning'iniza inatosha. Mtie kuku kwenye mfuko wa kitambaa, mpime asubuhi kabla hajala, siku ile ile ya kila wiki. Ukimpima jioni unapima gole.

Dawa ya minyoo na kasoro ya ndoo ya maji

Hapa nilipoteza wiki mbili. Dukani nilipewa piperazini, nikaambiwa nichanganye kwenye maji ya wote. Nikachanganya. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba mtetea wa mwisho ndiye wa mwisho hata kwenye maji. Wababe walikunywa dawa mchana kutwa, yeye akaenda kunywa kwenye dimbwi la karo ya jirani. Dawa yoyote ya kuweka majini, iwe ya minyoo au vitamini, humfikia kidogo zaidi yule anayeihitaji zaidi. Kwa mnyonge, mpe mwenyewe mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa, na ufuate siku za kutokula mayai kama zimetajwa.

Ujue pia kwamba piperazini huwaondoa minyoo wakubwa wa duara tu. Tegu hawaguswi, na kuku wanaotembea uani wakiokota mbawakawa na sisimizi hupata tegu kwa urahisi. Albendazole na fenbendazole zinafika mbali zaidi. Halafu angalia chini ya mabawa na kuzunguka tundu la nyuma kama kuna chawa, usoni kama kuna viroboto wale wanaong'ang'ania hawabanduki, na usiku upitishe tochi kwenye nyufa za fito za kulalia. Utitiri mwekundu hujificha mchana na kunyonya damu usiku, na kuku anayenyonywa damu kila usiku hanenepi hata umlishe pilau.

Kuhusu mdondo, ambao wengine tunauita kideri, sina maneno mengi: chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kuku dhaifu asiyechanjwa ni kazi ya bure.

Kumtenga na kumlisha pembeni

Hizi ndizo njia mbili zinazoshindana kweli, na watu wengi huchagua ya kwanza kwa huruma. Mimi pia. Nilimweka mwekundu wangu kwenye banda dogo nyuma ya jiko, chakula mbele yake kutwa nzima, wiki tatu. Alinenepa kweli, akafika gramu 1,240. Nikamrudisha uani mchana, nikiwa na furaha zangu. Ndani ya dakika tano upanga wake wa kichwani ulikuwa unavuja damu.

Kosa halikuwa kumtenga. Kosa lilikuwa kumficha. Kuku hupanga vyeo kwa kufahamiana sura. Jambo hili aliliandika Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya kuwachunguza kuku tangu utotoni mwake. Kundi likishapanga nani anamdonoa nani, fujo hupungua kwa sababu kila mmoja anajua mahali pake. Umtoe mmoja wiki tatu bila kuonekana, na akirudi anaanza upya kama mgeni, tena mgeni mdogo asiye na mtetezi. Wahenga walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wangu alirudi akiwa na nyama mpya na bila mahali pa kusimama, na siku kumi baadaye mizani ikasoma 1,130.

Kumtenga kunafaa pale ambapo ana kidonda, ana ugonjwa unaoambukiza, au ni dhaifu kiasi cha kushindwa kupanda fito. Kidonda kisikawizwe, kwani kuku wakiona damu huendelea kukidonoa hadi waue. Ila mtenge ndani ya banda hilo hilo au ukutani pake, kwa wavu, waonane na wasigusane. Na kama unaye mwingine mpole, wafungieni pamoja. Wakirudi wawili, kipigo kinagawanyika. Warudishe usiku, uwapandishe kwenye fito wakati wenzao wamesinzia, na asubuhi uwe macho kabla ya kufungua mlango.

Kumlisha pembeni hakuna ushujaa wowote, ndiyo maana watu hukidharau. Yeye anabaki na wenzake kutwa, analala nao, cheo chake hakiguswi. Unachofanya ni kumtoa mara mbili kwa siku, dakika kumi na tano kila mara, umfunike kwa tenga na chakula chake ndani. Asubuhi kabla hujawafungulia wengine, na jioni kabla hawajapanda. Ukilazimika kuchagua wakati mmoja, chagua jioni, kwa sababu chakula anacholala nacho ndicho kinachompitisha usiku mzima. Hapa Kigoma tuna bahati ya jua kuchelewa, linazama karibu saa moja, hivyo hata anayerudi kutoka sokoni saa kumi na mbili bado anawahi.

Wiki ya kwanza nilimkimbiza uani hadi majirani wakatoka kuangalia. Wiki ya pili alikuwa ananisubiri kando ya tenga. Kuku si mjinga hivyo. Tatizo la njia hii ni moja, inakufunga. Ukisafiri kwenda Kasulu siku nne bila mtu wa kukushikia, umekatiza. Na hesabu yake ni ya polepole: kwa kutengwa alipata gramu 190 kwa wiki tatu, kwa kulishwa pembeni alipata kama gramu 35 kwa wiki. Lakini hizo za pili hazikurudi nyuma.

Kuna wanaotengeneza kizuizi chenye tundu dogo ili mnyonge apenye na wakubwa wabaki nje. Kinafanya kazi kwa vifaranga. Kwa mtetea mzima, mbabe naye anapenya, na sasa umemtengenezea mahali pa kumkamatia mwenzake kwenye kona.

Kuongeza vyombo

Hii ifanye hata kama umechagua nyingine, haichukui muda. Chombo kimoja kina bwana mmoja. Weka vitatu, mbali mbali, na muhimu zaidi visionane: kimoja nyuma ya mgomba, kimoja upande wa pili wa banda. Mbabe hawezi kulinda asichokiona. Kwenye chombo kirefu hesabu kama sentimita 10 za ukingo kwa kila kuku, na maji nayo yawe sehemu mbili. Kuku wengi waliokonda kidogo hupona kwa hili tu, na mwenye kundi hajui kilichowaponya. Kwa aliyekonda sana halitoshi, kwa kuwa ameshazoea kukimbia kabla hata hajafukuzwa.

Kumfungia mbabe

Bibi wa nyumba ya nyuma, mzaliwa wa Ujiji, ndiye aliyenifungua macho. Siku ile nilipokuwa napangusa damu kwenye upanga alisimama ukutani akaniangalia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona unamfunga aliyepigwa? Mwizi akiingia kwako, unajifungia wewe jela?"

Sikuwa na jibu. Nikakaa kibarazani siku nzima ya Jumapili nikihesabu nani anamdonoa nani, na ikawa kweli: kati ya wanane, mweusi mmoja mwenye madoa ndiye aliyekuwa akimkimbiza hadi kumtoa nje ya uwanja. Wengine walidonoa mara moja na kuendelea na shughuli zao. Nikamfungia mweusi siku tano, kwa chakula na maji ya kutosha, mbali na macho. Hapa kule kusahauliana kulikonitesa mwanzo kukanifanyia kazi. Alipotoka alikuwa na kazi ya kujitafutia nafasi yake kwa wakubwa wenzake, hakuwa na muda wa mnyonge.

Njia hii ni rahisi na ya haraka kuliko zote, na ina sharti moja gumu: mbabe awe mmoja. Ukikuta wanaomdonoa ni watano, ukimfungia mmoja wa pili anachukua zamu. Ndiyo maana nasisitiza ile Jumapili ya kukaa na kuhesabu. Kagua na jogoo pia. Jogoo mzuri huita mitetea akiona chakula na huingilia ugomvi. Jogoo anayempanda mnyonge kutwa hadi mgongo unakuwa mtupu ni sehemu ya ugonjwa, naye ndiye wa kufungiwa.

Ndani ya tenga: dagaa, mchwa au chakula cha dukani?

Njia ukishaipata, chakula kinafuata. Watu huanza na mahindi, na mahindi hutia nguvu, lakini protini yake ni kama sehemu 9 tu katika 100. Mtetea aliyekonda hana nyama ya kidari, na nyama haijengwi kwa mahindi matupu. Atapata mafuta tumboni na kidari kitabaki kisu.

Kwetu jibu liko ziwani. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Wale waliovunjika wanaobaki chini ya gunia huuzwa kwa bei ya chini kuliko wazima, ukiwa mwaloni Kibirizi uliza hao. Wachague walioanikwa kwenye vichanja. Waliokaushwa juu ya mchanga wanakuja na mchanga wao, na ingawa kuku anahitaji vijiwe kidogo vya kusagia kwenye firigisi, hakuna sababu ya kuununua mchanga wa Tanganyika kwa kilo. Twanga, chekecha, weka kijiko kimoja cha chakula kwenye pumba au mahindi yaliyoparazwa ya mara moja. Isizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chote, la sivyo mayai yatanuka samaki na watoto watakataa. Samaki wa chumvi usimpe kabisa.

Mchwa ni bora kwa kuwa ni bure na kuku anawapenda kuliko chochote. Jaza chungu kikuukuu samadi kavu na mabua, loanisha, kipindue juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi kimejaa. Wakati wa mvua za kwanza, Oktoba na Novemba, kumbikumbi wanatoka wenyewe na hapo ugomvi ni kati ya kuku na watoto. Kasoro ya mchwa ni kiangazi: kwangu kuanzia Julai chungu kinatoka na vumbi. Dagaa wapo.

Chakula cha dukani cha kuku wa mayai kimepimwa na hakina kubahatisha, protini yake ni kama sehemu 16 au 17 katika 100. Ila kina chokaa nyingi ya kutengenezea maganda ya mayai, na mtetea aliyekonda mara nyingi ameshaacha kutaga. Kwa wiki hizi chache cha kuku wanaokua kinamfaa zaidi, na maganda ya mayai yaliyosagwa uyaweke kando achague mwenyewe akianza kutaga. Kwa anayeweza kununua kilo mbili tatu tu kwa ajili ya mmoja, hiki ndicho kisicho na usumbufu.

Nyongeza yangu ya Kigoma ni mawese, nusu kijiko cha chai juu ya chakula cha jioni. Mafuta yana nguvu zaidi ya maradufu ya wanga kwa uzito ule ule, na wekundu wake una asili ya vitamini A. Ukizidisha, kinyesi kinalainika na unarudi ulikotoka. Mashudu ya mise, yaani kokwa za chikichi, usiyategemee, makapi ni mengi mno kwa kuku dhaifu.

Vya kuepuka jikoni kwetu: maharage mabichi au yasiyoiva, maganda ya muhogo mabichi, maganda na majani ya parachichi, na mahindi yenye ukungu. "Ya kuku tu haya" ndiyo sentensi inayowaingizia kuku sumukuvu.

Ningekuwa wewe

Gole tupu usiku na mbabe mmoja: mfungie mbabe siku tano, ongeza vyombo, mlishe mnyonge jioni tu. Gole tupu na wanaomdonoa ni wengi: mlishe chini ya tenga asubuhi na jioni kwa wiki sita, na vyombo visionane. Ana kidonda au amelegea: mtenge kwa wavu, wasipotezane macho. Gole limejaa na anakonda: dawa ya minyoo mdomoni, tochi kwenye nyufa, na kama wiki mbili hazijaleta gramu yoyote, mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo akiwa bado hai.

Wangu jana asubuhi alisoma 1,360. Bado ni wa mwisho kwa cheo na sitarajii apande, ila sasa anakula akiwa amesimama kwa miguu yote miwili. Bibi wa nyuma ameshaniuliza mara mbili kama ninamnenepesha kwa ajili ya Idi.